Swali la Pili: Namna ya Kuzungumza na Mtu Mpaka Mkaelewana

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali 8 katika miji 8 duniani zilijaribu jambo dogo kwenye vyumba vyao vya upasuaji. Miji hiyo ilikuwa Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Mengi katika orodha hiyo ni ya kutamkwa kwa sauti. Kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari mpasuaji awaambie wenzake hatua ipi itakuwa ngumu, kazi itachukua muda gani, na damu kiasi gani inaweza kupotea. Mtaalamu wa usingizi aseme kinachompa wasiwasi. Muuguzi aseme kama vifaa vimetakaswa na kama kuna kinachokosekana.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Maneno hayakufanya kazi hiyo peke yake, maana orodha ilikumbusha pia dawa za kuzuia maambukizi na kuhesabu sindano na vitambaa. Lakini Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston aliyeongoza kazi hiyo, ameeleza kwamba kutambulishana kuna faida kubwa kuliko adabu. Mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake huwa mwepesi wa kusema tena akiona kosa. Muuguzi kijana aliyesema jina lake asubuhi ndiye atakayesema saa sita mchana kwamba kuna kitambaa kimoja hakijaonekana.

Baadaye orodha hiyo ikaenea. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha ilikuwa imewekwa kwa agizo, na punguzo la maana la vifo halikuonekana. Baadhi ya wataalamu walisema sababu ni kwamba kujaza fomu hakulingani na kuitumia. Naamini walisema kweli, kwa kuwa jambo hilo hilo tunaliona maofisini na majumbani. Vikao vinafanyika, salamu zinatolewa, simu zinapigwa, na bado mtu mwenye neno zito moyoni anarudi nalo nyumbani kwake.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka neno hilo litoke. Utaona narudia jambo moja: mazungumzo yenye faida, ya kazi au ya mapenzi, huanzia kwenye swali la pili, lile linaloulizwa baada ya jibu la kwanza.

Salamu zisikatizwe

Kuna wanaodhani mazungumzo ya maana yanaanza salamu zikiisha. Sikubaliani nao. Ukimwamkia mtu, ukamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, unampa muda wa kukutazama na kuamua kama leo anaweza kukwambia kitu. Jibu lake la kwanza karibu kila mara litakuwa nzuri, au salama, au tunamshukuru Mungu. Hata aliyefiwa atakwambia salama, kisha baada ya pumzi moja aongeze: "Ila mama tulimzika Jumanne." Hajakudanganya, maana adabu yetu inataka heri itangulie. Aliyekwisha kuondoka baada ya "salama" ndiye aliyekosa habari.

Kwa hiyo usiamkie huku unatembea, wala usimwamkie mtu macho yako yakiwa kwenye simu. Simama. Kama huna muda, sema huna muda na utaje utarudi lini, kisha urudi kweli.

Mwaka 2010, Matthias Mehl wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi 79 walibeba vinasa sauti vidogo kwa siku 4. Walioonekana kuwa na furaha zaidi walikuwa na mazungumzo ya kina mengi zaidi na porojo chache zaidi. Uchunguzi huo ulirudiwa mwaka 2018 kwa watu wengi zaidi. Mazungumzo ya kina yaliendelea kwenda sambamba na furaha, ila porojo hazikuonekana kumdhuru mtu. Mimi nalichukua hivi: soga za mvua, mpira na bei ya sukari hazina ubaya wowote, mradi siku nzima isiishie hapo.

Swali linalotoka ndani ya jibu

Swali la kwanza unaweza kumuuliza mtu yeyote. La pili ni la huyu peke yake, kwa sababu linatoka ndani ya alichokwambia. Chukua mwenzako wa ofisini aliyerudi likizo.

"Likizo ilikuwaje?"

"Nzuri tu. Nilikwenda nyumbani. Mzee hajisikii vizuri sana siku hizi."

Wengi hapa watasema, "Pole, Mungu atamsaidia," na kugeukia kompyuta. Pole imetoka moyoni, lakini imefunga mlango. Muulize, "Sasa nani anakaa naye?" Kwa swali hilo moja utasikia kwamba dada yake ameacha biashara ili amuuguze baba, kwamba hela ya dawa inatoka kwa huyu mwenzako, na kwamba hiyo ndiyo sababu mwezi uliopita alikuwa anatoka kazini mapema. Kama wewe ni msimamizi wake, umeokoa barua ya onyo. Kama ni rafiki, sasa unajua msaada gani wa kumpa.

Watafiti wa Harvard, wakiwemo Karen Huang na Alison Wood Brooks, walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa mazungumzo ya watu wasiojuana, pamoja na watu waliokutanishwa kwa dakika chache chache wakitafuta wachumba. Waliouliza maswali ya kufuatilia ndio waliopendwa zaidi, na ndio waliokubaliwa zaidi kukutana tena. Watu wengi hawalijui hili. Tukitaka kupendwa tunajieleza, tunataja shule tulizosoma na safari tulizofanya, kumbe aliye mbele yetu anangoja aulizwe.

Namna ya kuuliza ina uzito. Maswali ya nani, wapi, tangu lini na ilikuwaje humfungua mtu. Swali la "kwa nini" huja na harufu ya mahakama, hasa likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. "Kwa nini ulichelewa?" humfanya mtu atafute utetezi. "Nini kilitokea asubuhi?" humfanya asimulie. Uliza moja, kisha ngoja, maana ukiuliza mawili kwa mpigo atajibu lililo jepesi.

Tena usichanganye swali la pili na udaku. Udaku unakupeleka mahali ambapo mtu hajakufungulia. Msichana aliyekusimulia kuhusu kazi yake mpya hajakuomba umuulize ataolewa lini. Wanandoa waliokukaribisha chakula hawajakuomba uulize mtoto wa pili anakuja lini. Huenda wamempoteza huyo mtoto mwezi uliopita. Shika neno alilolitamka mwenyewe, na ukiona amelifunika tena, liache.

Kunyamaza kwa makusudi

Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za mabara tofauti. Kwa wastani, mtu anaanza kujibu karibu sehemu moja ya tano tu ya sekunde, na mara nyingi chini ya hapo, baada ya mwenzake kumaliza. Haiwezekani mtu asikie, afikiri na kupanga sentensi katika muda mfupi hivyo. Maana yake ni kwamba jibu linatayarishwa wakati mwenzako bado anasema, na sehemu ya akili yako imekwisha kumwacha.

Dawa yake ni kuacha sentensi ya mwisho itulie. Ikishatulia, irudishe kwa maneno yako: "Ngoja nione kama nimekuelewa. Tatizo si mshahara, ni kwamba hukuambiwa mapema." Ukikosea atakusahihisha, na kusahihishwa huko ndiko kuelewana. Jihadhari na "hata mimi." Mtu anakwambia amegombana na kaka yake kuhusu shamba, nawe unaingia na kaka yako na shamba lenu, na dakika 10 baadaye yeye ndiye anayekupa wewe pole.

Msibani ndipo tunapoihitaji nidhamu hii zaidi. Mfiwa amekaa mkekani tangu alfajiri, na kila anayeingia anamuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Mpaka jioni ameisimulia homa ile, safari ya hospitali na simu ya usiku mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Wewe mpe mkono, sema pole, kaa. Kama umepata nafasi ya kuzungumza naye, muulize jambo la uhai wa marehemu: alikuwa akipenda kupika nini, walikutana wapi, alikuwa mkali au mpole kwa watoto. Nimewaona wafiwa wakicheka kwa mara ya kwanza siku ya tatu kwa sababu ya swali kama hilo. Arobaini ikishapita, wakati watu wamekwisha kutawanyika, mpigie tena.

Pa kukaa

Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao, na wanaokaa pale hukaa ubavu kwa ubavu, kahawa chungu na kashata mkononi, macho yao njiani. Pale Jaws Corner, Unguja, siasa, mpira na mambo ya mtaa huzungumzwa hivyo hivyo kila jioni. Sidhani ni bahati tu. Jambo gumu ni rahisi kulisema ukiwa hutazamwi usoni na mikono yako ina kazi. Wanawake wa Pemba wanaosuka ukili wanalijua hili, na wasusi wa nywele wanalijua kuliko wote. Kijana wako wa miaka 15 hatakwambia kitu ukimketisha sebuleni na kumwambia "tuzungumze." Mpeleke sokoni, au mchague mchele pamoja, au muoshe pikipiki. Atasema akiwa anasugua ringi.

Benchi la namna hii limetumika hata kutibu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza mradi katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwa na bibi 14 wa mtaani. Madaktari wa akili nchini humo walikuwa wachache mno, na majengo ya kliniki hayakuwa na nafasi, hivyo bibi walikaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje, chini ya miti. Mwanzoni lilipoitwa benchi la afya ya akili, watu hawakutaka kulikalia. Bibi wakashauri liitwe Benchi la Urafiki, na watu wakaja.

Wanachofanya bibi hao unaweza kujifunza. Wanamwacha mgeni amwage yote, tena bila haraka. Wanaorodhesha naye matatizo yake, kisha wanamwomba achague 1 tu, lile analotaka kulianza yeye. Wanamuuliza yeye mwenyewe ataanza vipi, na akirudi wanamuuliza ilikwendaje. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya jaribio la watu 573. Baada ya miezi 6, waliokalia benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14, na kwa wale waliopata huduma ya kawaida ilikuwa karibu asilimia 50. Mradi umeshafika Malawi na Zanzibar pia. Bibi hawakuhitaji shahada. Walihitaji mafunzo mafupi, benchi, na uvumilivu wa kutotoa ushauri mapema.

Basi rafiki akikujia na mzigo wa mambo matano, usimtatulie yote kwa jioni moja. Muulize: "Tukianza na moja, ungetaka tuanze na lipi?"

Kazini: mdogo aseme, mkubwa angoje

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa ndege wa Tenerife, ndege ya KLM ilianza kukimbia iruke wakati ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia hiyo hiyo. Mhandisi wa KLM alishuku. Aliuliza kama Pan Am imekwisha kutoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa mmoja wa marubani walioheshimika zaidi katika shirika lile, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuendelea. Watu 583 walikufa. Ajali hiyo ni miongoni mwa zilizofanya wafanyakazi wa ndege waanze kufundishwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, namna ya mdogo kumhoji mkubwa na namna ya mkubwa kupokea swali.

Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kutomkatiza, na mimi sitaki heshima hiyo ipotee. Lakini heshima haidai unyamaze wakati kuna hatari, na Kiswahili kina adabu za kutosha za kusemea. Fundi umeme kijana yuko juu ya ngazi na fundi mkuu amemwambia aunge waya.

"Samahani, fundi. Meinswichi tumeizima?"

"Imezimwa, wee unga tu."

"Sawa, fundi. Naomba nishuke niione mwenyewe, halafu niunge."

Hakumwita mkubwa wake mwongo. Ameuliza, amejibiwa, na bado ameomba kuona. Hicho kitendo cha kuomba kuona ndicho swali lake la pili, na fundi mkuu mwenye akili atasema "kaangalie" bila kuudhika. Akiudhika, siku nyingine kijana hatauliza, na siku hiyo nyingine inaweza kuwa ya mwisho.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya mkubwa. Amy Edmondson, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard miaka ya 1990, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini na kukuta jambo lililomshangaza: timu zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Kwenye timu nyingine makosa yalifichwa. Kama wewe ni meneja na kwa miezi 6 hujaletewa habari mbaya, usijipongeze bado.

Fanya hivi kwenye kikao chako kijacho. Usianze kwa kutoa maoni yako, maana ukishasema wewe, wengine watasema "naunga mkono." Anza na aliyeajiriwa karibuni. Swali la "kuna mwenye swali?" litakuletea ukimya, basi uliza: "Kazi hii ikiharibika wiki ijayo, itakuwa imeharibikia wapi?" Swali hilo linampa mtu ruhusa ya kusema ubaya bila kuonekana mpinzani. Na atakayesema, msikilize mpaka mwisho, umuulize la pili mbele ya wote, umshukuru. Wenzake wanaangalia atakavyotendewa, na hapo ndipo wanapoamua kama nao watasema.

Jambo la mtu binafsi lisizungumzwe kikaoni. Kumkosoa mtu mzima mbele ya walio chini yake ni kumvua nguo. Mwite pembeni, siku hiyo hiyo, mkiwa wawili.

Nyumbani: dakika tatu za mwanzo

John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alitumia miaka mingi kuwarekodi wanandoa wakizungumza. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999 pamoja na Sybil Carrère, wanandoa wapya 124 walirekodiwa wakijadili jambo wanalogombania, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 6. Dakika 3 za mwanzo za mazungumzo yale zilitosha kuonyesha kwa kiasi kikubwa nani wataachana. Gottman ametaja pia tabia 4 zinazobomoa ndoa: kumshambulia mtu badala ya jambo, dharau, kujitetea papo hapo, na kununa mpaka mwenzako abaki anaongea na ukuta. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Jicho likishazungushwa na mdomo ukibetuliwa, maneno yanayofuata hayasikiki.

Chukua jambo linalogombanisha nyumba nyingi kila Januari, ada ya shule. Mke anaweza kuanza hivi: "Wewe kila siku ni hivyo hivyo, watoto hujali, lakini ratiba ya mpira unaijua kwa kichwa." Hapo ada haijatajwa, na haitatajwa tena usiku huo. Au anaweza kuanza hivi: "Baba watoto, shule wameleta barua ya ada. Naogopa tutafika tarehe 10 hatuna kitu. Ukishakula tukae tuone tuna kiasi gani." Jambo limetajwa, hofu imetajwa, na muda umepangwa wakati watu wameshiba.

Mume akijibu "nimeiona" na kunyamaza, bado kuna kazi. Anaweza kuulizwa, kwa sauti ya chini: "Kuna kitu kazini?" Na hapo ndipo inatoka: "Mwezi huu wametulipa nusu. Sikutaka uanze kuhangaika." Wanaume wengi wanabeba habari za namna hiyo kwa wiki nzima wakionekana wakali tu. Waume nao wajifunze kuuliza. Mke akisema "nimechoka," usimpe orodha ya waliochoka zaidi yake. Muulize, "Leo nini kimekuchosha zaidi?"

Msigombane kwa meseji. Maandishi hayana sauti, tiki za bluu zinaongeza hasira, na neno la saa tano usiku linabaki pale la kusomwa tena mwaka mzima. Ukiona vidole vimeanza kukimbia, andika: "Tuzungumze nikifika."

Kwa waliotenganishwa na kazi hali ni ngumu zaidi. Wake na waume wengi wa kwetu wako Oman, Qatar na nchi nyingine za Ghuba. Doha na Nairobi saa ni moja, na Muscat imetangulia kwa saa 1 tu, kwa hiyo muda haupaswi kuwa kisingizio. Kinachoharibu ni kwamba kila simu inakuwa ya hela: imeingia, haijaingia, ya bati, ya karo, ya mgonjwa. Mwishowe aliye mbali anaiogopa simu ya nyumbani, na aliye nyumbani anaona hapendwi. Nakushauri mtenge simu ya hela na siku yake. Siku nyingine ipigwe simu isiyotaja hela kabisa. Uliza amekula nini, analala chumba cha namna gani, leo nani amemchekesha. Mtoto naye apewe simu aulizwe jina la rafiki yake mpya darasani, na wiki ijayo aulizwe rafiki huyo yu hali gani.

Siri, na mahali mazungumzo yanapokoma

Mtu akikufungulia moyo, alichokwambia ni amana. Usimpelekee hata mkeo au mumeo bila ruhusa, wala usikigeuze mfano kwenye kundi la WhatsApp, hata kama umeficha jina, kwa maana mtaani majina hayafichiki. Kama jambo ni zito na unaona lazima mwingine ajue, mwambie mwenyewe kwanza: "Hili naona tumshirikishe mtu. Tumwambie nani?"

Kuna hali moja ambamo sitaki mwongozo huu utumiwe. Mke anayepigwa, au mtoto anayeumizwa, asiambiwe "kaeni mzungumze." Mazungumzo yanataka watu wawili wasioogopana kwa mwili, na aliyepigwa jana atasema leo kile tu kitakachomwepusha na kipigo. Tumewarudisha wengi majumbani kwa usuluhishi wa namna hii, na wengine hawakutoka tena. Tanzania, vituo vya polisi vina Madawati ya Jinsia na Watoto. Kenya, namba ya ukatili wa kijinsia ni 1195 na simu haina malipo. Namba ya kuwasaidia watoto ni 116 katika nchi zote mbili.

Wazee, wiki hii

Tangu mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kimekuwa kikifuatilia maisha ya wanaume 724, baadhi wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston, na baadaye wake na watoto wao. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, anasema jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine ni hili: waliokuwa na uhusiano mwema na watu wa karibu walizeeka wakiwa na afya na furaha zaidi.

Wazee wetu wengi hawakosi chakula. Wanakosa mtu wa kuwauliza. Simu ya Jumapili inakwenda mbio: shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, dawa umekunywa, nimetuma kitu kidogo, haya usiku mwema. Ongeza dakika 15. Usimuulize "zamani ilikuwaje," ni pana mno. Muulize kuhusu kitu cha kushikika. Kama ni Mtanzania wa umri huo, muulize alipanga foleni wapi kutafuta sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alipanga na nani. Muulize alikuwa wapi wakati wa Vita vya Kagera, nani wa mtaa wao alikwenda na nani alirudi. Kisha ushike neno moja alilolitaja, jina la rafiki, duka, daraja, na uulize hapo. Akikuruhusu, rekodi sauti yake.

Kama mama yako au baba yako yu hai, nakuomba uanze na yeye, kabla ya bosi wako na kabla ya mwenzi wako. Kwake swali la pili halitakugharimu chochote, na majibu aliyo nayo hayapo kwa mtu mwingine yeyote. Mpigie kabla wiki hii haijaisha.